Iringo: Swali Lililofika Msikitini Kabla ya Kufika Zahanati

Mji wa Musoma umejengwa juu ya ulimi wa nchi kavu uliochomoza ndani ya Ziwa Viktoria. Mtu akitoka kuswali alfajiri katika mitaa ya Iringo, upepo wa ziwani humfikia na harufu ya samaki kabla jua halijapanda. Saa hiyo akina mama huwa wamekwisha kutangulia. Wanateremka na ndoo na masinia kuelekea Mwigobero kulaki mitumbwi ya dagaa, ambayo usiku wa giza la mwezi ilikuwa imewasha taa zake huko majini hata ikaonekana kama mji wa pili uliojengwa juu ya ziwa. Mama hununua, huanika, hugeuza, huchambua. Dagaa hawasubiri: mvua ikinyesha kabla hawajakauka, mtaji wa wiki nzima huoza mbele ya macho ya mwenyewe. Kwa hiyo mama wa Iringo ni mtu anayejua thamani ya kuwahi, na anajua hasara ya kuchelewa kuliko wengi wetu tuliosoma.

Sisi tunaoandika haya tumepewa na jamaa wa msikiti wetu amana ya ukatibu wa kamati. Kazi yetu ni ndogo na haina sifa: kuandika mihutasari, kuhesabu sadaka ya Ijumaa, kulipia maji ya udhu, kupanga zamu za darsa. Katika kazi hiyo limo pia sanduku la maswali la darsa la akina mama. Ni sanduku la mbao lenye tundu juu, ambamo kila mwenye haya ya kuuliza kwa sauti hutia karatasi yake bila jina. Kila Alhamisi tunalifungua, tunapanga maswali, na anayesomesha hujibu.

Miaka minne iliyopita ilitoka humo karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwulizaji aliandika kwamba damu humjia nje ya siku zake, na mara nyingine baada ya kukutana na mumewe. Je, aswali au aache? Swali la namna hii si geni kwa mtu aliyepitia chuo cha dini. Tulilipeleka mlango wake: hiyo ni istihadha, si hedhi, ajisafishe, ajizuie, atawadhe kwa kila swala ya faradhi ikiingia wakati wake, wala asiache swala. Jibu lilisomwa, akina mama wakaitikia, tukaendelea na karatasi nyingine.

Mwaka na nusu baadaye tulimzika mwalimu mmoja wa madrasa, mama aliyewafundisha watoto wetu wadogo Juzuu Amma kwa subira isiyokatika. Tuliambiwa kwamba alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, na kwamba alipofika hospitali ugonjwa ulikuwa umekwisha kutambaa. Siku ya tatu ya matanga, kiongozi wa akina mama, bibi ambaye sote humwita Mama Mkubwa, alitusogelea akasema kwa sauti ya chini: "Katibu, mwanangu, ile karatasi ya damu ilikuwa yake."

Hatukuwa na la kujibu. Jibu letu la Alhamisi ile lilikuwa sahihi, na lilikuwa nusu. Tulimwambia namna ya kusimama mbele ya Mola wake, tusimwambie aende akatazamwe. Naye alikuwa ametuuliza sisi kwanza, kwa sababu swala yake ilikuwa karibu zaidi na moyo wake kuliko afya yake.

Tulirudi kwenye vitabu vyetu. Hukumu ya istihadha tuliyoisoma chuoni inatokana na kisa cha bibi Fatima bint Abi Hubaysh (r.a.), aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akamshitakia damu isiyokatika. Mtume alimfahamisha kwamba ile si hedhi, bali ni damu itokayo katika mshipa. Tulikisoma kisa hiki katika mlango wa tohara, tukakihifadhi kwa ajili ya mtihani, tusitue kwenye neno lile mshipa. Neno hilo linauelekeza mkono wa mwanachuoni kwenye mwili: hapa pana jambo la kimaumbile lenye sababu yake. Na Mtume huyo huyo ndiye aliyeuhimiza umma wake kutafuta dawa, akabainisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia tiba. Sisi tulichukua hukumu ya damu tukaiacha sababu ya damu.

Basi tukaanza kujifunza, na tuliyojifunza tunayaweka hapa kwa faida ya kila nyumba.

Mlango wa kizazi ni ile sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, inayokutana na uke. Saratani ya mahali hapo husababishwa, karibu katika kila mgonjwa, na kirusi kiitwacho HPV. Mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen, ndiye aliyefungua siri hiyo, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kirusi hiki huambukizwa kwa kukutana kimwili, nacho kimeenea mno: watu wengi walio katika ndoa hukipata wakati fulani wa maisha yao, na miili yao hukiondoa chenyewe bila wao kujua. Kwa wachache hubaki. Kikibaki, hubadilisha ngozi laini ya mlango wa kizazi pole pole, kwa muda wa miaka 15 hata 20, mpaka mabadiliko hayo yawe saratani. Kwa mwanamke mwenye maambukizi ya VVU safari hiyo huwa fupi zaidi, na hatari yake ya kupata saratani hii ni kama mara sita ya mwenzake.

Hapa ndipo ilipo rehema. Ugonjwa unaotembea miaka 15 kabla ya kuua ni ugonjwa uliotupa nafasi 15 za kuuwahi. Lakini katika miaka hiyo yote hauumi wala hautoi dalili. Dalili zinapokuja, yaani damu nje ya hedhi, damu baada ya tendo la ndoa, damu baada ya hedhi kukoma kwa umri, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu ya nyonga na kiuno, mara nyingi ufa umekwisha kuwa ukuta wa kujengwa. Kwa sababu hiyo saratani hii ndiyo inayoongoza kwa kuua wanawake miongoni mwa saratani zote Tanzania. Kwa makadirio ya kimataifa, wanawake wapatao 10,000 nchini mwetu hugunduliwa nayo kila mwaka, na zaidi ya 6,000 hufariki.

Katika nchi tajiri, tangu miaka ya 1940 hadi leo, wanawake wamekinga maisha yao kwa kipimo cha kukwangua chembechembe na kuzitazama kwa darubini. Kipimo hicho kinataka maabara, mtaalamu, na mgonjwa wa kurudi tena kuchukua majibu. Mama wa dagaa hana wiki mbili za kusubiri majibu. Ndipo ilipotafutwa njia ya wanyonge, nayo ni siki. Siki jamii ile ile tunayotia kwenye kachumbari, iliyopimwa kiwango cha asilimia 3 hadi 5. Muuguzi huipaka kwenye mlango wa kizazi kwa pamba, husubiri kama dakika moja, kisha hutazama kwa macho na mwanga mzuri. Mahali palipo salama hubaki na rangi yake; palipoanza kubadilika hugeuka peupe. Majibu hupatikana papo hapo. Ikiwa eneo ni dogo na halijawa saratani, hutibiwa siku hiyo hiyo kwa tiba mgando, yaani kugandisha kwa gesi baridi, au kwa kifaa kidogo cha joto kinachobebeka mkononi na kumaliza kazi yake kwa muda mfupi. Hakuna kulazwa.

Njia hii imepimwa mbele ya ulimwengu. Katika vitongoji duni vya Mumbai, India, madaktari wa Hospitali ya Tata Memorial waliwafuatilia wanawake wapatao 150,000 kwa miaka 12. Nusu yao walipimwa kwa siki kila baada ya miaka miwili, na waliowapima hawakuwa madaktari, bali wanawake wa kawaida waliopewa mafunzo ya wiki chache. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya saratani hii vilipungua kwa asilimia 31 miongoni mwa waliopimwa. Siki, pamba, taa, na mwanamke aliyefundishwa vizuri viliokoa roho ambazo mashine za mamilioni hazikuzifikia.

Tulipoleta jambo hili katika kikao cha kamati, tukiomba ukumbi wa madrasa utumiwe siku moja na wauguzi wa kike, tulipata upinzani, na haukuwa wa watu wajinga. Mzee mmoja tunayemheshimu aliuliza: awra ya mwanamke itafunuliwaje ndani ya uzio wa msikiti? Mwingine alihofia kwamba chini ya kipimo kuna mpango wa kuzuia uzazi. Wa tatu alisema waziwazi lile ambalo wengi hulifikiri kimya: ikiwa kirusi kinapita kwa kukutana, je, hatutakuwa tunafungua mlango wa watu kutuhumiana?

Tulijibu kwa tuliyofundishwa. Awra ni amana, na uhai ni amana iliyo kubwa zaidi. Wanachuoni wameweka kanuni kwamba dharura hulegeza lililokatazwa, wakaifunga kanuni hiyo kwa nyingine: dharura hupimwa kwa kadiri yake. Kwa hiyo mwanamke atatazamwa na mwanamke, nyuma ya pazia, kwa kadiri ya haja, bila mtu wa tatu. Kuhusu uzazi, kipimo hakiufungi. Bali ni saratani iliyochelewa ndiyo hulazimu kizazi kuondolewa. Na kuhusu tuhuma, tulisema kwa msisitizo: kirusi hiki chaweza kukaa mwilini miaka mingi, na mke asiyemjua mwanamume mwingine katika umri wake wote aweza kuwa nacho. Anayetumia jibu la kipimo kumtuhumu mkewe zinaa, au mke kumtuhumu mumewe, ameingia katika kosa la kuwasingizia watu zinaa, ambalo sheria yetu imeliwekea adhabu nzito, tena bila shahidi hata mmoja.

Kisha tukawakumbusha wazee hema la bibi Rufaida. Wanahistoria wa sira wanasimulia kwamba bibi Rufaida al-Aslamiyya (r.a.) aliwatibu majeruhi katika hema lililopigwa msikitini Madina, na kwamba Sa'd bin Mu'adh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq alipelekwa humo kwa amri ya Mtume (s.a.w.). Ikiwa msikiti wa Mtume ulipokea hema la mwanamke mganga, uzio wetu wa Iringo ni nani hata ukatae? Yule mzee aliinamisha kichwa muda mrefu, kisha akasema: "Andika, Katibu. Na mke wangu awe wa kwanza."

Naam, alikuwa wa kwanza kufika, ingawa muuguzi alimweleza kwa adabu kwamba kipimo cha siki huwafaa zaidi wenye umri wa miaka 30 hadi 50, kwa kuwa kwa mtu mzima zaidi sehemu inayohitaji kutazamwa hurudi ndani isionekane vizuri. Alielekezwa njia nyingine hospitalini. Aliketi hata hivyo mlangoni mpaka adhuhuri, akiwapokea waliokuja kwa hofu. Kuwepo kwake pale kulihubiri kuliko hotuba zetu. Wengi walitoka wakiwa salama. Wachache walionekana na madoa meupe wakatibiwa siku ile ile, mmoja wao akirudi kesho yake kugeuza dagaa wake kama kawaida, isipokuwa ameelekezwa yeye na mumewe kujizuia kwa wiki kadhaa mpaka kidonda kipone. Mmoja hakutibiwa pale. Aliandikiwa barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, kule Kwangwa, na kutoka huko akatumwa Bugando, Mwanza.

Kwa ajili yake tuliijua njia upya. Kutoka stendi ya Bweri, basi hufika Makutano, barabara ya Musoma inapokutana na ile itokayo Sirari kwenda Mwanza. Ni zaidi ya kilomita 200 mpaka Mwanza, na ikiwa matibabu yatamfikisha Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita elfu moja. Kipimo katika vituo vingi vya serikali hakilipiwi. Gharama ya maskini iko barabarani: nauli yake na ya mtu wa kumsindikiza, chakula, mahali pa kulala, na mtaji unaooza nyumbani. Tulijifunza kwamba sadaka ya nauli yaweza kuwa bora kuliko zulia jipya la msikiti. Kamati ilitenga fungu dogo, na safari hiyo haikuwa ya mwisho kulipiwa kutoka humo.

Baada ya hapo tulitumwa kuzungumza na ndugu zetu wa Butiama na Bunda. Waislamu katika mkoa huu wa Mara si wengi, na misikiti yetu imetawanyika. Habari hupita kwa mtu kwenda kwa mtu. Butiama ni nchi ya vilima na majabali yaliyokaa juu ya majabali kama yaliyopangwa kwa mkono. Pale Mwitongo amelazwa Mwalimu Nyerere, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu. Tulisimama kidogo. Aliyekuwa na madaktari wa Ulaya kando ya kitanda chake alichukuliwa na saratani ambayo siki haiwezi kuigundua. Mama wa kijiji kile kile aweza kuponywa saratani yake kwa pamba na taa, akipata tu mtu wa kumwambia mapema. Hatujui hoja yenye nguvu kuliko hiyo.

Bunda ni mji wa barabara kuu, kati ya ziwa na mbuga ya Serengeti. Wenyeji hulima pamba, na kila basi linalosimama huzungukwa na akina mama wauzao mahindi na matunda madirishani. Huko tulikutana na swali jipya. Baba mmoja alituuliza baada ya swala ya laasiri juu ya binti yake wa miaka kumi, aliyetakiwa kuchanjwa shuleni: je, chanjo hii si ya kuwafanyia watoto wetu majaribio?

Tulimweleza kwamba Tanzania ilianza kuitoa chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018, kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikapanuliwa kwa walio kati ya miaka 9 na 14, kwa dozi moja tu. Ama majaribio, yalikwisha kufanywa, kwa idhini ya wazazi na chini ya usimamizi, tena jirani yetu. Mwanza, wasichana 930 walishiriki katika utafiti ulioonyesha kwamba dozi moja huamsha kinga inayodumu. Kenya nako, uchunguzi miongoni mwa wasichana na wanawake vijana ulithibitisha kwamba dozi moja huwakinga. Ushahidi wa namna hiyo ndio ulioifanya Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 kukubali dozi moja. Kwa hiyo binti wa Bunda hafanyiwi jaribio. Anavuna alichopanda binti wa Mwanza. Hutolewa katika umri mdogo kwa sababu kinga hufaa kabla ya kirusi kuingia, si kwa kumdhania mtoto ubaya. Baba yule alisema atalizungumza na mama yake mtoto. Tulilipenda jibu hilo, maana ndivyo shura ya nyumbani inavyotakiwa kuwa.

Tukamwongezea kwamba chanjo haiondoi haja ya kipimo kwa mama zao, ambao walikuwa watu wazima kabla haijafika. Na kwa wanaoshindwa na haya, iko njia nyingine inayoenea duniani, ambapo mwanamke huchukua sampuli yake mwenyewe faraghani na kipimo humtafuta kirusi chenyewe. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa, na asilimia 90 ya waliopatikana na ugonjwa wawe wanatibiwa. Hayo ni malengo ya mataifa. Lengo la msikiti lina ukubwa wa mtaa wake.

Tulirejea Iringo jioni, mitumbwi ikitayarisha taa zake. Yule mama aliyepelekwa Bugando bado anatibiwa. Tunamwombea, na tunawaomba wasomaji nao wamwombee. Sanduku la maswali lipo pale pale. Ila tumebandika juu yake karatasi, na kila swali la damu linapotoka tunalijibu kwa viungo viwili: hukumu ya swala yako ni hii, na kesho asubuhi nenda kituo cha afya ukatazamwe, ukikosa nauli au mtu wa kukusindikiza, mwambie Mama Mkubwa, naye hatauliza zaidi.

Ndugu zetu maimamu, makatibu na walimu wa darsa, swali hilo litawafikia nanyi. Linawafikia kabla ya daktari, kwa sababu mama wa Kiislamu huihofia swala yake kwanza. Msimrudishe na nusu ya jibu. Na ninyi waume, mke akisema anakwenda kupimwa, mpeni nauli na mumsindikize.

Mwenyezi Mungu amrehemu mwalimu wetu wa Juzuu Amma, ailaze roho yake pema, na atusamehe sisi kwa karatasi ile. Amin.